Ile "Aaah" ya Mzee

Bado inanikera. Wiki nzima shifti za usiku, Neema kamaliza haiskuli (picha mmeziona), gari limerudi tena kwa fundi, lakini kichwani nimebaki na sauti ya Mzee tu.

Mie nilimwendea kwa moyo mweupe. Apatimenti za Houston zimenichosha, unalipa hela ya aplikesheni, hairudi, wanachungulia kredit, yaani rekodi ya madeni yako, wanakuta Chapta 7, ile ya kufilisika mahakamani, kwisha habari yako, hata kama mshahara unafika mara tatu ya kodi kama wanavyotaka. Na hiyo inakaa kwenye ripoti ya kredit miaka 10 tangu ufungue kesi! Nikasema ngoja niende kwa mtu wetu, ana dupleksi, nyumba ya familia mbili, anapangisha, na anajua fika madeni yalianzia hospitali, ile opresheni ya Baba Neema.

Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu chai. Akawasema weee hao wenye kompyuta zao, hawana utu. Halafu huku anakoroga sukari, haniangalii, "Ila si wewe ndo ulikuwa mweka hazina wa jumuiya?" Nikasema ndiyo mzee. Akasema "Aaah." Basi. Aaah ya nini? Naisikia nikiwa nambadilishia bibi wa watu shuka, naisikia kwenye foleni ya petroli. Vitabu nilivikabidhi mbele ya watu, naye alikuwepo, pilau alikula. Kisha eti kodi ya miezi sita mbele, utadhani tuko Sinza.

Sasa jana. Wale wa apatimenti walioninyima kabla ya Pasaka walinitumia barua, sheria inawabana wakutajie kampuni iliyowapa ripoti, na una siku 60 za kuiomba bure. Niliiomba, nikakuta deni la kadi ya mkopo ya zamani lililofutwa na mahakama bado linasoma nadaiwa, nikalipinga. Jana jibu limekuja, salio sifuri. Nilicheka peke yangu paking mpaka mlinzi akanitazama. Na ile kadi niliyoiwekea amana ya dola 300 natilia petroli tu, nalipa kabla stetimenti haijatoka, skoo, zile alama za kredit, inajikongoja inapanda. Dada wa apatimenti moja kule Alief kasema nirudi Jumatatu na karatasi ya mahakama, dipoziti mara mbili. Mara mbili naiweza.

Ila Mama kule Tanga hapokei simu tangu juzi. Jirani anasema mzima, simu ndo imeingia maji, lakini huyu jirani ndo yuleyule aliyekuwa akiniambia mbuzi wote wapo.