Vipandikizi Vifupi vya Meno: Nilivyoepuka Kuongezewa Mfupa wa Taya

Nilipong'olewa magego mawili ya chini upande wa kushoto, sikuambiwa, au labda niliambiwa nikasahau, kwamba mfupa wa taya usio na jino la kuushughulisha huendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa miaka saba nilitumia meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, na ni pale yalipoanza kucheza na kunichubua ufizi ndipo nilipokwenda kuulizia vipandikizi, yaani zile skrubu za titani zinazoingizwa katika mfupa zikawa mizizi ya meno mapya. Picha ya CT ilionyesha kwamba kutoka ukingo wa mfupa hadi kwenye mfereji wa neva palikuwa na milimita 9 tu.

Mfereji huo ndio ulioamua kila kitu. Ndani yake hupita neva inayoupa hisi mdomo wa chini na kidevu, na madaktari huacha nafasi isiyopungua milimita 2 kati yake na ncha ya kipandikizi, kwa sababu neva hiyo ikijeruhiwa mtu anaweza kubaki na ganzi ya mdomo kwa miezi, na wengine hawaponi kabisa. Kipandikizi cha milimita 10 hakikuwa na pa kukaa. Daktari wa kwanza alishauri niongezewe mfupa juu ya taya, nisubiri miezi kadhaa ushike, kisha viwekwe vipandikizi virefu. Hakukosea, maana hiyo ni njia ya siku nyingi. Hata hivyo, kuongeza kimo cha mfupa katika taya la chini ni kazi ngumu: ufizi ulioshonwa huweza kufunguka, mfupa mpya ukaambukizwa au ukayeyuka, na isitoshe ni upasuaji mara mbili kwa mtu ambaye, nakiri, hutetemeka hata kabla ya kuiona sindano.

Nikatafuta maoni ya daktari wa pili. Aliipima picha ile ile na kuniambia kwamba upana wa mfupa wangu ulizidi milimita 8, kwa hiyo angeweza kuweka vipandikizi viwili vifupi, vya urefu wa milimita 6, lakini vinene kidogo kuliko kawaida. Nilimwuliza msumari mfupi utashikaje mahali ambapo mrefu ndio uliozoeleka. Alinieleza kwamba nguvu ya kutafuna haigawanyiki sawasawa mpaka nchani. Sehemu kubwa hubebwa na mfupa unaozunguka shingo ya kipandikizi, ndani ya zile milimita chache za juu, hivyo unene una msaada ambao urefu pekee hauwezi kuutoa. Vipandikizi vifupi vya zamani, alisema, vilipata sifa mbaya kwa kuwa uso wake ulikuwa laini, ilhali vya siku hizi hukwaruzwa kwa punje ngumu na asidi ili mfupa upate pa kung'ang'ania. Kanuni yenyewe haijabadilika tangu Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alipomwekea mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titani mwaka 1965: mfupa hushikamana na titani moja kwa moja, mradi uachwe utulie.

Siku ya upasuaji sikusikia maumivu, ila mtetemo na maji baridi yaliyomiminwa juu ya keekee bila kukoma. Maji hayo si ya kusafishia tu, kwani mfupa ukifikia nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja huanza kuharibika. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja. Kilichonisumbua ni saa zilizofuata, ambapo kila baada ya dakika kumi niliufinya mdomo wa chini kwa ukucha, nikihesabu milimita zangu 3 za usalama kana kwamba hesabu ingebadilika. Hisi ilirudi jioni, ikianzia pembeni mwa mdomo na kutambaa hadi kidevuni.

Baada ya miezi mitatu daktari aligonga kila kipandikizi kwa mpini wa chuma, nacho kikatoa mlio mkavu wa kulia kama kengele ndogo, kisha picha ikathibitisha kwamba vimeshika. Kofia za meno zilitengenezwa zikiwa zimeungana ili zigawane mzigo, zikiwa na uso mwembamba wa kutafunia na vilele vilivyopunguzwa. Kwa jicho si meno mazuri sana, nayo ni marefu kuliko mizizi yake, lakini nilikuwa nimeeleweshwa kwamba kinachoviumiza vipandikizi vifupi zaidi ni nguvu zinazosukuma kutoka ubavuni.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Daktari alikuwa ameona jinsi meno yangu ya juu yalivyolika, akajua kwamba ninasaga meno usingizini, na akanipa kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Niliivaa kwa miezi miwili, nikaichoka. Wiki chache baadaye nikasikia kofia zikicheza kidogo kila nilipotafuna. Ilikuwa ni skrubu ya kofia iliyolegea, wala si kipandikizi, na ilikazwa kwa dakika chache, lakini ningeendelea hivyo huenda ningeuchosha mfupa wenyewe. Tangu siku hiyo kinga haikai tena kwenye kasha lake usiku.

Usafi nao una hesabu yake. Ukoga ukiachwa huwasha ufizi na hatimaye huula mfupa, na kipandikizi cha milimita 10 kikipoteza milimita 2 hubakiwa na 8, ilhali changu kingebakiwa na 4. Kwa kuwa kofia zimeungana, uzi wa kusafishia meno haupiti kati yake, kwa hiyo natumia kiburashi chembamba kinachopenya chini ya kiungo, kwanza kutoka upande wa shavu na kisha kutoka upande wa ulimi, ambako mkono hukataa kufika mpaka niinamishe kichwa mbele ya kioo. Katika picha ya mwaka wa tatu, mfupa ulikuwa bado umefika kwenye mzingo wa kwanza wa juu wa skrubu zote mbili.