Nilivyosomea sanaa katikati ya kemia na falsafa

Ukisomea sanaa za ufundi kwenye chuo cha sanaa huria, yaani chuo kinachomsomesha kila mwanafunzi masomo ya fani nyingi, ujue mapema kwamba sanaa yenyewe ni sehemu tu ya utakachosoma. Kwenye vyuo vya sanaa tupu, wanaochukua BFA, yaani shahada ya kwanza ya sanaa za ufundi, hutumia kama theluthi mbili ya masomo yao kwenye studio na historia ya sanaa. Mimi nilichukua BA, shahada ya kwanza ya masomo mapana zaidi, na hesabu ikawa karibu kinyume: theluthi moja hivi ni sanaa, na iliyobaki ni kemia, falsafa, lugha, takwimu na mengine ya lazima. Mwaka wa kwanza jambo hili lilinikera. Wenzangu wa kule walikuwa wanashinda studio kutwa, mimi niko maabara napima tindikali.

Kilichonisaidia ni utaratibu niliojiwekea mwenyewe: kila muhula, angalau somo moja lisilo la sanaa lazima linipe kitu cha kupeleka studio. Si kila somo lilikubali. Takwimu, kwa mfano, sikuambulia chochote cha kuchora, nikafaulu mtihani tukaachana kwa amani. Ila kemia na botania zilinilipa kupita nilivyotarajia, na zote mbili zilikutana kwenye sayanotaipu.

Hii ni njia ya kuchapa picha kwa rangi ya buluu, aliyoibuni John Herschel mwaka 1842. Unachanganya myeyusho wa chumvi mbili za chuma, unapaka kwenye karatasi kwa brashi pana, ukiwa kwenye mwanga hafifu. Karatasi inakuwa ya kijani-njano. Ikikauka gizani, unalaza juu yake jani au negativu ya picha, unabana kwa kioo na kuipeleka juani. Rangi inageuka taratibu hadi kuwa kijivu chenye kung'aa kidogo kama shaba, na hapo ndipo wengi huiondoa juani mapema kwa kudhani imeungua. Subiri. Ukiiosha kwa maji, ile njano inatoka yote, buluu inabaki, na inazidi kukolea kadiri karatasi inavyokauka.

Majani niliyotumia yalikuwa yale yale niliyokausha kwa ajili ya botania. Na kemia ndiyo iliyonieleza kwa nini baadhi ya picha zangu zilikuwa zinapauka zikiwa zimehifadhiwa vizuri tu: karatasi nyingi za kuhifadhia kazi za sanaa hutiwa chokaa ili zisichakae kwa asidi, na chokaa ni alkali, kinyume cha asidi, ambayo buluu hii haiivumilii. Nikabadilisha karatasi. Kisha nikaligeuza tatizo kuwa mbinu, nikawa napausha makusudi kwa magadi ya kufulia, ambayo nayo ni alkali, na kuichovya picha kwenye chai nzito ili iwe kahawia iliyoiva. Mwalimu wa studio alipouliza nimejifunza wapi, nilimwambia maabara, naye hakushangaa hata kidogo.

Hakushangaa kwa sababu historia iko upande huo. Anna Atkins, Mwingereza aliyeanza mwaka 1843 kuchapa mwani kwa sayanotaipu, alikuwa mtu wa mimea kwanza. Na Josef Albers, msanii na mwalimu wa rangi, baada ya Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu, kufungwa Ujerumani mwaka 1933, alikwenda kufundisha Black Mountain College huko North Carolina, Marekani, chuo kidogo kilichoweka sanaa katikati ya elimu ya kila mwanafunzi, hata asiyetaka kuwa msanii. Zoezi lake la rangi tulilifanya na sisi: kata vipande viwili vya karatasi ya rangi moja, kimoja kiweke juu ya rangi iliyokoza, kingine juu ya iliyopauka. Utabisha kwamba ni rangi mbili tofauti mpaka uvisogeze vigusane.

Muda ulikuwa shida kubwa kuliko vipaji. Kipindi cha studio huchukua saa tatu hivi, na baada ya hapo bado unatakiwa kurudi usiku. Nilianza kupanga kazi kwa muda wake wa kukauka. Rangi ya mafuta ikitulia, naandika insha ya falsafa. Karatasi zikiwa gizani, nasoma lugha. Siku ambayo kila kitu ni kibichi, nalala, na simwombi mtu msamaha.

Vikao vya kuhakikiana kazi navyo vina namna yake. Unatundika kazi ukutani, darasa zima linaiangalia, kisha wanaanza. Nilimwomba mwenzangu aniandikie kila kinachosemwa, mimi nikae kimya nisijitetee. Nami nikamwandikia yeye siku yake. Maandishi yale niliyasoma baada ya siku kadhaa, hasira zikiwa zimepoa. Mazoea ya darasa la falsafa yalinifaa hapa: kumuuliza mtu "unaona nini hasa kinachokufanya useme hivyo?" kunaleta jibu la maana kuliko kumweleza ulichokusudia.

Maonyesho ya mwaka wa mwisho yalinishughulisha kwa jambo nisilolitegemea. Kutundika picha ni kazi ya kipimo na misumari tu: unachagua mstari mmoja wa usawa wa macho na kuulinda ukuta mzima. Kilichonitesa ni maelezo ya msanii, ukurasa mmoja wa kueleza kazi yako. Toleo la kwanza lilijaa maneno makubwa. Nilimpa rafiki wa kemia alisome, akaniuliza, "Sasa mimea iko wapi?" Nikafuta lote, nikaanza na jani, jua na maji.