Sangara, Dagaa na mizani ya Mwaloni: kumbukumbu ya gemu langu la mpira

Wiki ya kwanza, Jumamosi

Kwa anayeingia leo: natengeneza gemu la mpira kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Si la kuchezea pedi, ni la kutazama: nukta 22 zinakimbia kwenye kijani na maandishi yanapita pembeni. Lilianzia kwenye ubishi wa banda la gemu pale Mabatini, hapa Mwanza. Kwenye skrini beki wa kilo tisini na winga mwembamba wamefukuzana, winga kakamatwa, banda zima limesimama. Jamaa aliyekuwa anapoteza akasema uzito kwenye magemu ni mapambo, kampuni zinauandika ili ukurasa wa mchezaji ujae. Nikamwambia nitatengeneza la kwangu, uzito ufanye kazi.

Toleo la kwanza nililimaliza usiku mmoja, na linaonekana hivyo. Kanuni yenyewe: kila kilo inayozidi 70, punguza kasi kwa mita 0.05 kwa sekunde. Nikapiga mechi kumi, timu ya wazito ikafungwa zote kumi. Beki wa kilo 91 alikuwa anapoteza zaidi ya mita moja kila sekunde, tena hata akiwa ameshashika mbio, hata anakokimbia ni mbele moja kwa moja na hakuna wa kumzuia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Usain Bolt. Urefu sentimita 195, uzito kilo tisini na kitu, na Berlin mwaka 2009 alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58, katikati ya mbio akapita kilomita 44 kwa saa. Kwa kanuni yangu Bolt angekuwa beki namba tano wa timu ya mchangani. Nimeifuta.

Wiki ya pili, Jumapili

Nimeamua kutumia watu ninaowajua badala ya namba za kubuni. Timu yetu ya ndondo, mpira wa mtaani, ina wawili wanaofaa kabisa. Mmoja ni beki wa kati tunayemwita Sangara, pandikizi la mtu. Mwingine ni winga wa kulia, kimbaumbau, jina lake la uwanjani Dagaa. (Majina walipewa na mashabiki, msinilaumu. Ingawa sangara wa ziwani ni mzito pia, na sijasikia furu, samaki mdogo anayeliwa naye, aliyemshinda mbio.)

Mizani ya bafuni hatuna. Tukaenda Mwaloni asubuhi, soko la samaki la Kirumba, kwa mama mmoja anayeuza dagaa wa jumla. Ana mizani kubwa ya chini ya kupimia magunia, na pembeni ana ile ndogo ya mawe kwa wanunuzi wa rejareja.

"Shikamoo mama. Tunaomba kupima."

"Marahaba. Mnapima nini, mbona sioni gunia?"

"Sisi wenyewe, mama."

Akacheka mpaka wabeba mizigo wakasogea. Sangara akapanda, sindano ikasimama kwenye 91, mmoja wa wabebaji akauliza anauzwa bei gani kwa kilo. Dagaa alisubiri watu watawanyike. Akapanda na begi lake la njumu mgongoni, anasema hawezi kuliacha chini, Mwaloni kuna wajanja. 59. Nikatoa kilo moja ya begi na njumu, nikaandika 58. Nilishangaa kidogo maana kwa macho ningempa pungufu, ila mizani ni mizani.

Jioni tukapima mbio: mita 10 na mita 30, mawe yamewekwa pembeni, simu imesimama juu ya tofali inarekodi picha 60 kwa sekunde. Nikirudi nyumbani nahesabu picha moja moja. Kazi ya kuumiza macho lakini inashinda saa ya kubonyeza kwa kidole.

Wiki ya pili, Jumatano usiku

Leo ndiyo siku ya mradi huu, acha niandike kwa kirefu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani mbio ni namba moja. Ni mbili. Kuna kasi ya juu, yaani unafika wapi ukishatulia kwenye mbio, na kuna mchomoko, yaani unachukua muda gani kufika huko. Uzito unakaa zaidi kwenye mchomoko. Kusukuma mwili kutoka kusimama kunataka nguvu, na kadiri kilo zinavyoongezeka bila nguvu kuongezeka, ndivyo mwili unavyochelewa kuamka. Ukishaamka, kilo hazikurudishi nyuma kama mwanzo.

Kanuni ninayotumia sasa ni ile ya kawaida ya wanaochunguza mbio fupi: kasi ya sasa = kasi ya juu × (1 − e^(−t/T)). Hapo t ni sekunde tangu mtu aanze kukimbia, e ni namba ya hisabati ya karibu 2.718, na T ni muda wa kuchomoka. T ikiwa ndogo, mtu anatoka kama mshale. Ikiwa kubwa, anatoka kama treni. Mimi T yangu naipata kwa kugawanya uzito kwa nguvu, nguvu ikiwa alama ya 1 hadi 99. Kwa hiyo kilo 91 zenye misuli hazifanani na kilo 91 zenye kitambi, jambo ambalo kanuni ya kwanza haikulijua.

Nikawapa nukta mbili kasi ya juu ileile, mita 8 kwa sekunde. Nyepesi ina T ya sekunde 1.0, nzito ina 1.4. Mita 10 za kwanza: nyepesi 2.13, nzito 2.40. Mita 30: nyepesi 4.74, nzito 5.11. Tazama vizuri. Pengo lote mpaka mita 30 ni sekunde 0.37, na 0.27 kati ya hizo zimezaliwa kwenye mita 10 za kwanza. Mita 20 zilizobaki zimeongeza 0.10 tu. Baada ya hapo pengo linaganda. Ukimpa yule mzito kasi ya juu iliyo kubwa kidogo, anaanza kulila pengo, na kwenye mpira mrefu wa mita 50 anaweza kumfikia winga mgongoni.

Hicho ndicho kilichotokea bandani! Na si ajabu ya banda letu. Gemu la FIFA 23 lilipotoka mwaka 2022 lilileta mfumo wa kuwagawa wachezaji kwa namna wanavyochomoka, wapo wa kulipuka mwanzoni na wapo wa hatua ndefu wanaochelewa kisha wanaendelea kuongeza. Wachezaji wa gemu wakagundua haraka kwamba warefu wa hatua ndefu, kina beki Virgil van Dijk, wanawakamata mawinga kwenye mbio ndefu, na kila mtu akawa anatafuta namna ya kuwageuza wake wawe hivyo. Kelele zilikuwa nyingi. Mimi naona wazo lenyewe lilikuwa sahihi, walizidisha chumvi tu.

Kwenye magemu yale uzito na nguvu ni vitu viwili tofauti, na mfano wa wazi ni mshambuliaji Adebayo Akinfenwa: zaidi ya kilo 100, alama za nguvu juu kabisa ya gemu zima, alama za mbio za huruma. Watu walimnunua kwa mapenzi, wakampigia mipira ya kichwa. Football Manager, gemu la ukocha, nayo imewahi kuonyesha uzito, lakini kazi ya uwanjani inafanywa na sifa za 1 hadi 20: kasi, mchomoko, nguvu, uwiano wa mwili, pumzi.

Nikaingiza watu wangu. Sangara kakaa sawa na video, karibu kabisa. Dagaa kakataa. Gemu linasema mita 10 kwa sekunde 2.19, video inasema 2.13. Tofauti ya picha tatu au nne. Nimehesabu mara tatu, sikukosea. Nikafanya dhambi ya kila anayeandika programu: nikampandisha nguvu kutoka 70 hadi 76, majibu yakakubali. Nimeandika pembeni "rudi hapa".

Wiki ya tatu, Jumatatu

Umeme ulikatika nikiwa sijahifadhi. Sehemu ya kugeuka na kufunga breki nimeiandika upya. Kwa ufupi: kusimamisha kilo 60 zilizo kwenye mita 8 kwa sekunde ni kuzima nishati ya jouli 1,920, kilo 90 ni 2,880. Kwa hiyo mzito anapitwa kwenye chenga ya kukata ndani hata kama mbio ndefu anashinda. Bila kulipangia, gemu limeanza kuwafundisha mawinga wapige chenga badala ya kukimbia pembeni.

Wiki ya tatu, Ijumaa

Pumzi. Hesabu ya jikoni inasema kukimbia kilomita moja kunakula karibu kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili. Mchezaji wa ngazi ya juu anatembea na kukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi. Kilomita 10 kwa Dagaa wa kilo 58 ni 580, kwa Sangara ni 910. Nilitaka kuishia hapo, nikaona nitamwonea tena mzito, maana misuli mikubwa nayo inabeba akiba kubwa ya chakula chake. Kitambi ndicho abiria asiyelipa nauli. Nikaweka akiba ifuate misuli, na gharama ifuate uzito wote.

Kilichobaki ni joto, na hapa mzito hana utetezi. Joto la mwili linazalishwa kwa kilo, linatolewa kwa ngozi. Mtu wa kilo 60 na sentimita 170 ana ngozi ya karibu mita za mraba 1.7. Wa kilo 90 na sentimita 185 ana kama 2.15. Uzito umeongezeka nusu, ngozi imeongezeka robo na kidogo. Nikaweka mechi ya saa nane mchana na mechi ya saa kumi na moja jioni. Jioni Sangara anamaliza dakika 90. Mchana anaanza kuchelewa dakika ya 65 hivi, T yake inapanda, na mawinga wanamgeuza.

Nilimwonyesha mwalimu wa timu yetu kwenye simu. Akatazama kimya, kisha: "Sasa hili si ndilo ninalowaambia kila siku, kwamba mechi za mchana namtoa mapema?" Ndiyo, mwalimu. Ila wewe ulilipata bure.

Wiki ya nne, Jumapili

Majeraha. Aibu kwanza: kipa wa kilo 92 alichanika nyama ya nyuma ya paja akiwa amesimama golini, mpira uko kona ya upande wa pili. Nilikuwa nazidisha uzito kwa hatari kila sekunde bila kuuliza kama mtu anakimbia. Msimu wa mechi 30 ukawajaza wazito wote wodini.

Ukweli wa uwanjani ni tofauti. Jeraha la misuli linaloongoza kwenye mpira wa kulipwa ni hilohilo la nyuma ya paja, na mara nyingi linakuja mtu akiwa kwenye mbio kali. Kwa hiyo wenye kasi ndio wanaolipata, wakiwemo wembamba. Aliyewahi kuumia pale ana hatari kubwa zaidi ya kuumia tena, na umri unaongeza. Dakika za mwisho za kila kipindi, miguu ikichoka, ndipo mambo yanapoharibika. Nimetenganisha sasa: nyama za paja zinafuata kasi, uchovu na historia, goti na enka vinafuata uzito pale mtu anapotua au anapogeuka ghafla, na kugongana kunafuata uzito mara kasi. Kilo 91 kwenye mita 5 kwa sekunde ni 455, kilo 58 kwenye mita 7 ni 406. Mwenye 406 ndiye anayeruka.

Isipokuwa Dagaa. Kwenye gemu langu Dagaa anawaangusha mabeki. Bega kwa bega na Sangara, anabaki wima mara nyingi kuliko inavyostahili. Vijana wamefurahi, yeye ndiye kafurahi zaidi. Ni ile nguvu 76 niliyompa kwa mkono, nalijua hilo, lakini nikiishusha mbio zake zinakataa kufanana na video. Siku tatu nimezunguka hapohapo.

Wiki ya tano, Alhamisi

Mama wa Mwaloni kapiga simu.

"Mwanangu, siku ile mlipokuja kujipima, jiwe langu la kilo tano hamkuliona?"

Niliumia kidogo. Nikamwambia mama, sisi tulipanda tukashuka, jiwe la mizani tutalipeleka wapi. Akasema sawa, anauliza tu, wateja wa kilo tano anawapimia mara mbili mbili.

Nimekata simu, nimekaa, nikafungua picha za siku ile. Dagaa juu ya mizani, begi mgongoni, mikanda ya begi imezama mabegani. Njumu hazizamishi mikanda hivyo.

Nilimfuata kwao Igogo jioni. Hakubisha hata kidogo. Alisikia nasema kwenye gemu uzito ni nguvu, akaona kilo 53 zitamwaibisha mbele ya Sangara. Alipanga kulirudisha mezani, nikawa nimesimama karibu, akaondoka nalo. Jiwe lenyewe liko mlangoni, bibi yake anazuilia mlango usigongwe na upepo wa ziwani, na amekataa kulitoa mpaka aletewe kitu kingine.

Nimeweka 53, nimerudisha nguvu 70. Mita 10: sekunde 2.13. Bega kwa bega na Sangara ameruka mpaka nje ya uwanja. Kesho napeleka jiwe Mwaloni, na leo natafuta tofali la bibi.