Spiti kwa begi la mgongoni: ingia kwa Shimla, toka kwa Manali

Bonde la Spiti liko kaskazini mwa India, jimbo la Himachal Pradesh, nyuma ya safu za Himalaya zinazokinga mawingu ya mvua yasivuke. Upande wa kusini milima ina misitu minene, ukivuka tu unakuta udongo mkavu, changarawe na majabali ya rangi ya kahawia na kijivu. Miti ni michache, karibu yote imepandwa na watu kando ya mifereji. Ni jangwa, ila jangwa la baridi. Anayeijua Kilimanjaro apime hivi: mji mkuu wa bonde, Kaza, uko takriban mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, sawa na Horombo. Kijiji cha Komic, mita 4,587, kinakaribia kambi ya Kibo. Tofauti kubwa ni kwamba Spiti watu wanaishi huko huko juu, wanalima njegere na shayiri, na wewe unalala nyumbani kwao.

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanasoma Chandigarh, Punjab na Delhi, na mabasi ya kupanda Himachal yanaondokea stendi za huko. Kwao safari hii haihitaji ndege. Anayetoka nyumbani ataomba viza ya India mtandaoni, na akitoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo asisahau cheti cha homa ya manjano, chanjo ikiwa imechomwa angalau siku 10 kabla. Bila cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Mtanzania naye akibebe tu, hasa kama anapitia nchi jirani.

Spiti ina milango miwili. Mmoja ni kupitia Shimla na Kinnaur, ukifuata mto Sutlej halafu mto Spiti. Mwingine ni kupitia Manali, kwa kuvuka kipito cha Kunzum chenye mita 4,550 hivi. Wa Manali ni mfupi, kilomita 200 tu mpaka Kaza, kwa hiyo ndio unaouzwa sana kwenye ziara za wiki moja. Usiingie kwa huo. Manali iko takriban mita 2,050. Ukiondoka alfajiri, jioni umeshalala Kaza, mita 1,650 juu zaidi. Wapo wanaofanya vibaya kuliko hapo: usiku wa kwanza wanapelekwa kwenye mahema ya ziwa Chandratal, zaidi ya mita 4,200. Mwili haujapewa hata siku moja ya kuzoea. Kichwa kinapasuka usiku, mtu anatapika, na gari halitoki kwa sababu barabara ile haipitiki gizani.

Njia ya Shimla ni ndefu, zaidi ya kilomita 400 mpaka Kaza, na ndiyo inayomfaa mwenye pesa kidogo. Mabasi ya serikali ya jimbo, HRTC, yanapita humo, nauli ni mamia machache ya rupia kwa kipande cha siku nzima, na kwa kuwa huwezi kufika kwa siku moja, unalazimika kupanda polepole. Aliyekodi jipu ya peke yake analipa maelfu ili afike haraka mahali ambapo haraka ndiyo inayomdhuru.

Kanuni ya madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku moja. Kinachohesabiwa ni mahali unapolala. Mchana unaweza kupanda juu na kushuka, tena inasaidia. Ukiipanga kwenye ramani ya Spiti inatoka hivi: usiku mmoja Shimla, mita 2,200. Usiku mbili Kalpa, mita 2,960, juu kidogo ya mji wa Reckong Peo. Usiku mmoja au mbili Tabo, mita 3,280. Kisha Kaza usiku mbili au tatu. Baada ya hapo ndipo uende Kibber, Langza au Komic, vyote juu ya mita 4,200.

Kuna mitego miwili katikati. Nako, kijiji kizuri chenye kijiziwa, kiko mita 3,660. Ukitoka Kalpa ukalala huko umeruka mita 700. Shuka, tembea, endelea kulala Tabo. Na Dhankar, ngome na monasteri iliyoning'inia juu ya makutano ya mito Spiti na Pin, iko karibu mita 3,900. Ukitokea Tabo ni mita 600 kwa mkupuo mmoja. Afadhali uifikie baada ya Kaza, au ukae Tabo usiku wa pili. Tabo haichoshi: monasteri yake ya udongo ilianzishwa mwaka 996, na michoro ya ukutani bado ipo. Ndani hawaruhusu picha, na taa ni hafifu kwa makusudi, basi nenda na tochi ndogo.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi mbovu. Ukiona hivyo usipande hata mita moja mpaka dalili ziishe. Dalili zikizidi, shuka. Hatari kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mwambie mwenzako atembee kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine; akiyumba kama mlevi, hali ni mbaya. Ya pili ni maji kujaa kwenye mapafu: anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, pengine makohozi yana rangi ya waridi. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Ni kushuka, na oksijeni ikipatikana. Hospitali ya Kaza inayo.

Hapa jiografia ya Spiti inatisha kidogo, na ndiyo sababu naisisitizia kanuni ile. Kwenye Kilimanjaro mgonjwa hushushwa, na baada ya saa chache yuko mita elfu moja chini. Kutoka Kaza, kilomita 47 za barabara zinakufikisha Tabo, na umeshuka mita 400 tu. Bonde lote limelala juu. Kufika chini ya mita 2,500 ni safari ya siku nzima.

Dawa ya kinga ni asetazolamidi, inayouzwa sana kwa jina la Diamox. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakukojoza na vidole vitawashawasha. Hiyo ni kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa amuone daktari kwanza. Pombe na dawa za usingizi ziache chini.

Jambo moja halitajwi kwenye miongozo mingi ya safari kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili yetu. Mwenye selimundu asiende Spiti kabisa. Na anayebeba kinasaba kimoja tu, yaani AS, ambaye nyumbani anaishi bila shida yoyote, anaweza kupata tatizo la bandama hewa ya oksijeni inapopungua: maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu. Ukanda wetu una wengi wanaobeba kinasaba hicho bila kujua. Pima kabla ya kukata tiketi, uzungumze na daktari.

Mgeni asiye Mhindi anahitaji kibali cha eneo la mpakani kwa kipande cha Jangi hadi Sumdo, kwa sababu barabara inapita karibu na mpaka wa Tibet. Kinatolewa Shimla au Reckong Peo, na kwa anayetokea upande wa pili, Kaza. Beba nakala kadhaa za pasipoti na viza, pamoja na picha za pasipoti. Mwanafunzi aongeze nakala ya hati yake ya ukaazi. Fika Peo siku ya kazi asubuhi. Ukifika Jumamosi jioni utakaa bure mpaka Jumatatu, ingawa kulala Kalpa ukitazama mlima Kinner Kailash si hasara.

Basi la Peo kwenda Kaza huondoka asubuhi na kufika jioni. Usikae viti vya nyuma ya tairi la mwisho. Utarushwa siku nzima. Begi likienda kwenye buti au juu ya paa, livalishe gunia, la sivyo vumbi laini kama unga litaingia mpaka kwenye soksi. Karibu na Nako kuna sehemu ya Malling ambako mlima hauishi kumomonyoka. Ikitokea barabara imekatika, abiria huvuka kwa miguu na kupanda basi jingine upande wa pili. Ndiyo maana begi lisizidi kilo 10 au 12: uweze kulibeba kilomita moja kwenye kokoto bila kuishiwa pumzi.

Kwenye hizo kilo weka fulana mbili za ndani za sufu au poliesta, wala si za pamba, kwani pamba ikilowa jasho haikauki na inakugandisha. Juu yake sweta la manyoya bandia, koti la manyoya ya bata, na jaketi jepesi la kuzuia upepo. Koti hilo usilinunue jipya. Masoko ya mitumba, Gikomba ya Nairobi na Memorial ya Moshi, yapo. Likunje liwe donge, liachie, uhesabu taratibu hadi kumi: likivimba tena sawasawa, nunua; likibaki na mabonge yaliyoshikana, manyoya yameshakufa. Ongeza kofia, glavu, miwani ya jua ya kweli, mafuta ya kuzuia jua na vaselini ya midomo. Ngozi nyeusi nayo inaungua huko, na midomo hupasuka kwanza. Simu na benki ya umeme ulale nazo ndani ya blanketi. Baridi hunyonya betri.

Nyumba za wenyeji ndizo zinazoifanya Spiti iwe rahisi. Kwa kawaida utalipa kati ya rupia 1,000 na 1,500 kwa mtu, chakula cha jioni na cha asubuhi kikiwemo. Maisha yote yako kwenye chumba kimoja chenye jiko la bati katikati, dohani lake likitoboa dari. Linawashwa kwa kuni kidogo na mavi makavu ya ng'ombe, na magodoro yamepangwa kuzunguka ukuta na meza fupi mbele yake. Utakula wali na dengu, au thukpa, supu ya tambi na mboga. Dengu huiva kwa sufuria la presha tu, kwa kuwa maji huko huchemka kwenye nyuzi 87 hivi. Yanaua vijidudu vilevile, basi omba maji yaliyochemshwa ujaze chupa yako, uache kununua chupa za plastiki ambazo bonde halina pa kuzitupa. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku.

Choo ni chumba cha juu chenye tundu sakafuni na rundo la udongo pembeni pamoja na koleo. Ukimaliza, unafunika kwa udongo. Usimwage maji: kinachooza chini kinapelekwa shambani kama mbolea, na maji hukiharibu na kuleta harufu.

Kutoka Kaza kuna basi la kwenda Kibber, likipitia monasteri ya Key. Kwa Langza, Hikkim na Komic utachangia teksi au utatembea. Pendekezo langu ni kulala Dhankar kwanza ili usiruke mita 700 kwa mkupuo, kisha teksi ya pamoja mpaka Langza, usiku mmoja hapo, kesho yake kwa miguu hadi Hikkim na Komic ukiwa na begi dogo. Hikkim kuna posta kwenye mita 4,400 hivi. Kadi ukiituma nyumbani itafika, ila taratibu. Langza watoto watakuletea mawe yenye umbo la konokono, masalia ya viumbe wa baharini wa kale, maana ardhi ile ilikuwa sakafu ya bahari. Yatazame, uyarudishe, kuyachukua kunamaliza kilichobaki.

Pesa taslimu beba za safari nzima kuanzia Peo. Mashine ya benki ya Kaza huishiwa noti, na malipo ya simu yanataka mtandao ambao vijijini hukatika. Kwa muda mrefu laini ya BSNL, kampuni ya simu ya serikali, ndiyo iliyofika mbali.

Muda mzuri ni Septemba. Julai na Agosti Spiti yenyewe ni kavu, lakini njia zote mbili za kuifikia zinapigwa na mvua na maporomoko. Kunzum hufunguka kuanzia Juni hivi na kufungwa na theluji kuanzia Oktoba.

Kutoka, panda basi la Kaza kwenda Manali, linaloondoka mapema sana. Ulizia tiketi dirishani tangu jana yake. Linaondoka mapema kwa sababu ya vijito vya barafu kati ya Batal na Gramphu, ukishavuka Kunzum. Asubuhi maji ni ya kifundo cha mguu. Jua likishayeyusha barafu juu, mchana yanafika magotini na kubeba mawe. Ukikodi gari, mkatalie dereva anayetaka kuondoka saa nne. Chandratal ukiitaka, ndiyo zamu yake sasa, mwili ukiwa umezoea: shuka Batal, ziwa liko kilomita 14. Kupiga hema ufukweni hairuhusiwi. Kambi ziko umbali wa kutembea. Baada ya Koksar utapita handaki la Atal, kilomita 9, lililofunguliwa Oktoba 2020, na upande wa pili ni Manali.

Acha siku mbili tupu kabla ya ndege au mtihani. Theluji ikianguka Kunzum ghafla, basi halitaondoka, na itabidi urudi kwa Peo hadi Shimla, siku mbili za barabara. Kibali chako huwa na siku 14. Angalia tarehe ukiwa bado Kaza, kwa sababu Sumdo watakiomba tena.