Kabla hujachomelea chuma, fungua kwanza nako

Naona wenye fowili za zamani, hizi za ekseli nzima mbele, Land Cruiser 60 na 80, Patrol Y60, Hilux za springi za majani, mtu akitaka kuimarisha ekseli anakimbilia kuchomelea vyuma na kuagiza shafti za kromoli (chuma kigumu zaidi). Sikatai, vina kazi yake na nitavigusa, ila ekseli nyingi zinazoitwa dhaifu wala si dhaifu, grisi imeisha, beringi zimelegea, sili zimekufa, na ukiiongezea chuma ekseli ya hivyo umeiongezea uzito tu.

Chungulia nyuma ya tairi, kwenye lile tufe linaloingia ndani ya nako (kile kiungo kinachogeuka na tairi ukikata kona). Likiwa na utando mwembamba wa grisi ni sawa, ndo inavyotakiwa. Ila ukikuta uji mweusi unachuruzika mpaka ndani ya rimu, ujue oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) imepita sili ya ndani ya shafti ikachanganyika na grisi, na kuanzia hapo sivi jointi (kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi hata likiwa limegeuka) inazunguka kwenye kitu ambacho si oili si grisi, na beringi za kingpini (pini za juu na chini ambazo nako inageukia) nazo zinakula hicho hicho. Na kabla hujanunua sili angalia kipumulio cha ekseli bwana, watu wanakisahau sana hiki. Kikiziba na tope, ekseli ikipata moto hewa inatanuka inakosa pa kutokea inasukuma oili kwenye sili, afu ukiingia mtoni ikiwa bado ya moto inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Funga mpira mrefu upande mpaka juu kwenye injini, kazi ndogo sana hiyo.

Ukikata kona mpaka mwisho ukasikia tak tak tak, hiyo ni sivi jointi. Mule ndani kuna gololi sita zinazotembea kwenye njia zake, na kwa kuwa gari muda mwingi inaenda mbele, njia zinalika upande mmoja. Kwa hiyo kama bado haijachoka sana unaweza kuhamisha ya kulia kwenda kushoto na ya kushoto kulia, gololi zinaanza kubeba mzigo upande ambao haujalika, na mlio mara nyingi unapotea. Kuitoa, bana shafti kwenye vaisi, gonga ringi ya ndani kwa kipande cha shaba mpaka ile klipu ndogo iachie, usigonge na nyundo ya chuma moja kwa moja. Ikitoka ioshe na dizeli, ifute ikauke kabisa, ipeleke juani uizungushe taratibu ukiangalia mdomo wa kikombe kinachoshika zile gololi. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, hiyo itupe.

Kitu kinachonitisha kuliko vyote ni stadi (boliti zisizo na kichwa) zinazoshika mkono wa usukani kwenye nako. Zikilegea kidogo tu mkono unaanza kucheza, stadi zinakatika moja baada ya nyingine, na ikiondoka ya mwisho unazungusha usukani na tairi halijui. Safisha nyuzi, zikauke, kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari, sio kwa nguvu za mkono. Zile washa za koni zikigoma usizichokonoe na bisibisi, gonga huo mkono wa usukani pembeni kwa shaba zitaruka zenyewe.

Shimu za kingpini (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) usichanganye za juu na za chini wala za kulia na kushoto, maana ndo zinaweka nako katikati ya tufe, na nako ikikaa upande sili mpya inakufa mapema. Beringi zikishakaa, vuta mkono wa usukani kwa mizani ya springi uone nako inageuka kwa uzito uliotajwa kwenye kitabu. Ikiwa laini mno usukani utatetemeka, na kuongeza dampa (shokapu) ya usukani ni kuficha ugonjwa. Nati za habu (kitovu cha tairi) kwenye Land Cruiser ni soketi ya 54, inunue, tindo inaharibu nati na kukunyima kipimo.

Sasa hayo yakishakaa sawa ndo tuongelee kuchomelea. Sehemu yenye faida ni pale tufe linapokutana na bomba la ekseli, vipande vya pembetatu juu na chini, maana hapo ndo panapopinda gari ikitua vibaya. Toa sili zote kwanza, choma kipande kifupi, hamia upande wa pili, acha ipoe, rudi. Ukichoma mstari mrefu kwa mkupuo mmoja bomba linapinda na shafti itakula sili milele. Na kama bakuli la difu ni chuma cha kumimina usilichomelee kama chuma cha kawaida, linahitaji kupashwa moto kwanza na fimbo za nikeli. Shafti za kromoli ni nzuri kwa anayepanda mawe na tairi kubwa, ila jua mzigo haupotei, unahamia kwenye meno ya difu, na bado ukiwa umekata kona mpaka mwisho toa mguu kwenye mafuta.

Ukishafunga tembea nayo kidogo kwenye njia mbaya, afu rudi na toki renchi kwenye zile stadi, piga jeki, shika tairi juu na chini ulitingishe. Likigonga, fungua habu ukaze beringi upya.