Kovu la nyuma ya sikio

Leo ni wiki ya 9 tangu nifanyiwe upasuaji wa kukaza ngozi ya uso. Kovu la mbele ya sikio limebaki uzi mwembamba wa waridi. La nyuma ndilo linaloninyima raha: limeinuka, gumu kama pindo la nguo, na usiku linawasha. Daktari alisema ngozi ya hapo huvutwa zaidi, ndiyo maana kovu hunenepa.

Nyuzi za mbele zilitolewa siku ya 6, za kwenye nywele siku ya 10. Kabla ya hapo ilikuwa maji, sabuni laini na mafuta ya mgando, basi. Magamba sikuyabandua, ingawa mkono ulikuwa ukienda wenyewe.

Sasa napaka jeli ya silikoni asubuhi na usiku, na krimu ya kuzuia jua hata kukiwa na mawingu, maana kovu changa likipigwa jua huweza kubaki jeusi. Wanaovuta sigara, nawasihi muache wiki kadhaa kabla na baada: nikotini hubana mishipa ya damu, na ngozi ya nyuma ya sikio huweza kufa.

Ndewe bado zina ganzi. Hereni sijathubutu kuvaa, nisije nikajichoma bila kuhisi.