Kwa Nini Kisu Kikali Bado Hupasua Karoti

Mtu akitaka kujua kama kisu kinapata, kwa kawaida hupitisha kidole gumba juu ya makali au hukata karatasi aliyoishika hewani. Vipimo vyote viwili hueleza jambo moja tu, nalo ni wembamba wa ukingo wenyewe, pale ambapo pande mbili za bapa hukutana. Mimi hupima kwa karoti nene na mbichi. Kisu kilichokata karatasi bila kukwama chaweza kuingia katika karoti hiyo hadi nusu, kisha karoti ikapasuka yenyewe kwa mlio na kipande kikaruka, uso wake ukiwa na mabonde badala ya kung'aa. Kisu cha namna hiyo ni kikali kweli, lakini hakikati vizuri, na naamini tofauti hiyo haijaliwi vya kutosha na wanaouza visu wala na sisi tunaovitumia kila siku.

Ukali una kazi yake. Ukingo wa kisu cha jikoni kilichonolewa vyema una upana usiozidi sana maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), na unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 50 hadi 100. Nguvu ndogo ya mkono ikikusanyika juu ya mstari mwembamba kiasi hicho, ganda la nyanya haliwezi kuihimili, na hufunguka kabla nyama ya ndani haijabonyea. Makali butu hulazimika kwanza kuponda ndipo yakate, na ndiyo sababu kitunguu kilichokatwa kwa kisu butu hurusha maji mengi zaidi na kuwasha macho zaidi.

Lakini makali yakishafungua njia, bapa lote lililo nyuma yake lazima lipite. Nyama laini au nyanya husogea pembeni na kulipisha. Karoti, muhogo mbichi na boga havisogei. Bapa nene likiingia humo hufanya kazi ya kabari ya kupasulia kuni: husukuma pande mbili mpaka ufa unatangulia mbele ya makali, na kuanzia hapo kisu hakikati chochote tena. Mkono nao huongeza nguvu bila kujua, na nguvu hiyo ikipata upenyo ghafla ndipo watu hujikata vidole.

Kwa hiyo ninapochagua kisu, kitu cha kwanza ninachotazama ni unene wa bapa mara tu juu ya makali, pale mnoleo unapoishia. Katika visu vyembamba vya jikoni vinavyotengenezwa Japani, mahali hapo huwa na takriban milimita 0.2 au 0.3. Visu vingi vizito vya bei nafuu vina milimita 0.5 au zaidi. Tofauti hiyo huionekani dukani kwa kutazama upande wa kisu, bali kwa kukiinua na kukitazama kwa mbele, ncha ikielekea jichoni, ukiwa umekishika kwa uangalifu. Unene wa mgongo haunisumbui sana, mradi bapa linapungua kwa ulaini kutoka mgongoni hadi kwenye makali.

Umbo hili ndilo hupotea kadiri kisu kinavyotumika. Kila unoaji hula chuma kidogo, na kwa kuwa bapa hunenepa kuelekea mgongoni, makali mapya hutengenezwa mahali palipo panene kuliko yale ya zamani. Baada ya miaka kadhaa unakuwa na kisu kinachotoka kwa mnoa visu kikikata karatasi vizuri kabisa, na jioni yake muhogo unakibana katikati. Watu husema chuma kimechoka. Chuma hakijachoka, kisu kimenenepa, na kunolewa makali peke yake hakuwezi kukirudisha.

Juu ya chuma chenyewe nitasema machache, kwa sababu ndicho kinachozungumzwa zaidi na mara nyingi kwa kutiwa chumvi. Chuma cha visu vingi vya Ujerumani kina kaboni takriban asilimia 0.5 na kromiamu takriban asilimia 15, na ugumu wake katika kipimo cha Rockwell ni kama 54 hadi 58. Chuma cha kaboni kinachopendwa na wahunzi wa Japani kina kaboni asilimia 1 au zaidi, hakina kromiamu ya kuzuia kutu, na hufanywa kigumu kwa moto hadi kufikia 60 na kuendelea. Faida ya ugumu ni kwamba makali membamba hayapindi: chuma kigumu huvumilia kunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hadi 15 kila upande, pale ambapo chuma laini huhitaji karibu nyuzi 20 ili kisijikunje. Hasara yake ni kwamba humeguka kikigonga mfupa. Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma wa mji wa Sheffield, Uingereza, alipotengeneza chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, watengenezaji visu wa mji huo walimkejeli kuwa amevumbua visu visivyokata. Ilichukua muda kujifunza jinsi ya kukipasha moto na kukipoza ipasavyo, na hata leo kisu cha chuma cha kawaida kilichochomwa kwa ustadi hukishinda cha chuma ghali kilichochomwa ovyo.

Moto huo huo unaweza kukiharibu kisu wakati wa kunoa. Jiwe la mashine linalozunguka bila maji hupasha ukingo joto haraka sana, kwa sababu hapo chuma ni chembamba na joto halina pa kukimbilia. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali ya kisu cha chuma cha kaboni, ukingo umefika karibu nyuzi joto 300 na umelainika, nao hautakaa na makali mpaka sehemu hiyo iondolewe yote. Kinoo cha mkono na maji ni cha polepole, lakini hakina hatari hiyo.

Mkono wa mkataji nao una sehemu yake. Makali yanapovutwa huku yakishuka, huhitaji nguvu ndogo zaidi ya kushuka kuliko yanaposukumwa wima tu, jambo linaloonekana wazi kwenye mkate laini na samaki mbichi. Ndiyo maana kisu cha Kijapani cha kukatia sashimi, yaani vipande vya samaki mbichi, hufika urefu wa milimita 300, ili minofu ikatwe kwa mvuto mmoja.

Kisu kilichonenepa hurekebishwa kwa kulazwa juu ya kinoo cha kukwaruza chenye chembe kubwa, mgongo ukiwa umeinuliwa kwa milimita chache tu, na kusuguliwa pande zote mbili kwa usawa. Kazi hii ni ndefu na huacha michirizi bapani, nami naona michirizi hiyo si kitu mbele ya faida yake. Simama michirizi inapokaribia kabisa makali, kisha badili jiwe, chukua laini zaidi la namba 1000 hivi, uinue kisu na kuyatengeneza makali kwa nyuzi 15 mpaka uhisi kwa kidole unyuzi wa chuma uliojikunja upande wa pili, urefu wote wa bapa. Unyuzi huo lazima uondolewe, kwa sababu hukata vizuri kwa dakika chache na kisha hulala na kuyafunika makali. Upunguze kwa mipito myepesi ya kubadilisha pande, umalizie kwenye mkanda wa ngozi, kisha pitisha makali taratibu juu ya kipande cha pamba: yakinasa nyuzi za pamba mahali popote, hapo unyuzi wa chuma bado umebaki.